Miji mipya ya kupangwa: kwa nini mingi inabaki majengo tu, na ipi iliinua uchumi kweli

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Mada ni ndefu kidogo, naomba mvumilie.

Serikali nyingi za nchi maskini zimewahi kuwaonyesha wananchi picha za mji mpya: maghorofa ya vioo, ziwa la kuchimbwa, treni ya umeme, bustani kila kona. Ahadi haibadiliki sana. Miaka 20 ijayo watu laki kadhaa watakuwa wanaishi humo, wawekezaji watamiminika, na uchumi wa nchi nzima utapanda. Nimefuatilia miji hii kwa muda mrefu na ninachoamini ni hiki: mji unainua uchumi pale mtu wa kipato cha chini anapopata humo kazi, na mahali pa kulala karibu na kazi hiyo. Mpango unaoanza na majengo, halafu ukaanza kutafuta kazi na wakazi, unameza fedha za nchi na hauzirudishi.

Tuanze na Kilamba, nje ya Luanda, Angola. Ilijengwa na kampuni ya serikali ya China, CITIC, na kuzinduliwa mwaka 2011. Awamu ya kwanza ilikuwa na majengo takriban 750 ya ghorofa nyingi pamoja na shule na maduka, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola bilioni 3.5. Nyumba ziliuzwa kati ya dola 120,000 na 200,000. Hadi katikati ya 2012, kati ya nyumba 2,800 za kwanza zilizoingizwa sokoni, zilizopata wanunuzi zilikuwa takriban 220. Dunia nzima ikaandika habari za mji wa mizimu. Mapema 2013 serikali ikashusha bei, nyumba ndogo zikafika kama dola 70,000, na ikatoa mikopo ya muda mrefu kwa riba ya asilimia 3. Hapo hapo watu wakapanga foleni.

Sasa tazameni nani alikuwa kwenye foleni ile. Ni mwenye ajira rasmi na hati ya mshahara, wengi wao watumishi wa umma. Mama anayeuza bidhaa ndogondogo kwenye musseque, yaani makazi holela ya Luanda, hakuwa na hati ya mshahara ya kupeleka benki. Fedha zilizotokana na mafuta, ambayo ni mali ya Waangola wote, zilimpunguzia bei ya nyumba mtu ambaye tayari alikuwa na nafuu. Mji ulijaa, ndiyo, lakini tatizo la makazi ya walio wengi lilibaki pale pale.

Brasília, mji mkuu wa Brazil, nayo ina funzo lake. Ilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 chini ya Rais Juscelino Kubitschek, ramani ikiwa ya Lúcio Costa na majengo makuu ya Oscar Niemeyer. Maelfu ya vibarua walitoka mikoa maskini kwenda kuijenga. Kwenye ramani ya katikati ya mji hawakutengewa mahali pa kuishi. Hawakuondoka, nani angeondoka kwenye kazi? Taguatinga, mji wa pembeni wa kuwapokea, ulianzishwa mwaka 1958, miaka miwili kabla mji mkuu wenyewe haujazinduliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.8 katika wilaya nzima ya shirikisho, na wanaoishi ndani ya ile ramani maarufu ni sehemu ndogo tu. Wengine wengi wanasafiri kila siku kuingia na kutoka.

Kuna pia miji iliyojengwa kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Forest City, Johor, Malaysia, ilipangwa kwa watu 700,000 juu ya visiwa vya kutengenezwa, ikitegemea zaidi wanunuzi kutoka China. Serikali ya China ilipobana utoaji wa fedha nje ya nchi, wanunuzi wakapungua na majengo yakabaki giza. Sidhani hapo kuna mengi ya kujadili. Mji ambao mkazi wake anatarajiwa kuishi kwingine hauna uchumi wa kuinua.

Hesabu inayonisumbua zaidi ni hii. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba hadi 2050 wakazi wa mijini duniani wataongezeka kwa bilioni 2.5, na karibu asilimia 90 ya ongezeko hilo litakuwa Asia na Afrika. Tukisema wote waingie kwenye miji mipya ya watu nusu milioni kila mmoja, inahitajika miji 5,000. Hiyo ni mitatu kila wiki, kwa miaka 32 mfululizo. Hakuna serikali wala mkopeshaji anayeweza hilo. Kwa hiyo walio wengi wataingia kwenye miji iliyopo, pembezoni mwake, kwenye mashamba ambayo leo yanalimwa. Kule pembezoni ndiko mpango unakohitajika, na ndiko ambako viongozi hawapigi picha.

Inawezekana, na kwa fedha kidogo. Mwaka 2013 miji minne ya Ethiopia (Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle) iliingia kwenye mpango uliosaidiwa na Chuo Kikuu cha New York. Walikadiria mji utakavyopanuka, wakachora barabara kuu kwenye eneo ambalo halijajengwa, kisha wakaanza kuziwekea alama ardhini. Hakukuwa na lami wala ghorofa. Kazi ilikuwa kuhakikisha njia ya barabara, ya bomba la maji na ya basi inabaki wazi kabla watu hawajafika.

Na Tanzania ilishafanya jambo la jamaa hilo miaka ya 1970. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam yalipimwa viwanja na kuwekewa barabara na maji, halafu watu wakajenga wenyewe kadiri ya uwezo. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, iliboreshwa baadaye. Watafiti waliorudi kulinganisha miongo kadhaa baadaye walikuta maeneo yaliyopimwa kwanza yana nyumba bora na ardhi yenye thamani kubwa kuliko yale yaliyoboreshwa watu wakiwa ndani. Serikali haikumjengea mtu nyumba Sinza. Ilimpa kiwanja kinachofikika.

Karibuni tujadili. Anayeona miji mipya ndiyo njia aje na mfano.

#2

Mkuu, mada nzuri, lakini umeruka mfano mkubwa kuliko yote: Shenzhen. Mwaka 1980 ilitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na sensa ya 2020 imekuta watu zaidi ya milioni 17. Mji mmoja uliopangwa umebadilisha njia ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni. Kama China ya wakati ule, iliyokuwa maskini kuliko nchi nyingi za Afrika, iliweza, kwa nini sisi tuambiwe tuishie kupima viwanja? Naona kama tunajipunguzia ndoto.

#3 – Mleta mada

Ndugu #2, asante, nilijua Shenzhen itakuja. Naomba tuiangalie kwa karibu, kwa sababu wengi wanaoiga wanaiga picha ya leo.

Kwanza, haikuanza kwenye ardhi tupu. Wilaya ya Bao'an, iliyogeuzwa kuwa Shenzhen, ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Pili, ilikuwa ng'ambo ya mto tu kutoka Hong Kong, ambako viwanda vilikuwa vimeshalemewa na gharama za ardhi na mishahara. Mwenye kiwanda alivuka mpaka na mashine zake, soko lake na wateja wake. Kazi ilitangulia minara. Tatu, palikuwa mahali pa kujaribia kanuni mpya. Desemba 1987 ndipo haki ya kutumia ardhi ilipopigwa mnada hadharani kwa mara ya kwanza katika China ya kikomunisti, na mwaka uliofuata katiba ikarekebishwa kuruhusu haki hiyo ihamishwe. Mji ukapata njia ya kulipia barabara zake kwa ardhi yake.

Lakini jambo ambalo ningependa kila waziri wa ardhi alijue ni la nne. Vibarua wale mamilioni walilala wapi? Vijiji vya zamani vilipozingirwa na mji, wanavijiji walibaki na ardhi yao ya makazi. Wakabomoa nyumba za zamani na kupandisha majengo ya ghorofa tano, sita, saba, yaliyobanana kiasi cha mtu kuweza kumpa jirani mkono dirishani, na wakapangisha chumba kimoja kimoja kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Kwa makadirio, karibu nusu ya wakazi wa Shenzhen waliishi katika vijiji hivyo vya ndani ya mji. Havikuwa kwenye picha za mpango. Mamlaka zilivitazama kama aibu kwa miaka mingi na vingi vimebomolewa. Bila vyumba vile, kiwanda kisingepata mtu wa kukaa nusu saa kutoka langoni.

Kwa hiyo siombi tupunguze ndoto. Naomba anayesema "tunajenga Shenzhen yetu" aonyeshe Hong Kong yake iko wapi, na vyumba vya bei nafuu viko wapi kwenye ramani. Wala sisemi kila kitu kilikuwa kizuri kule. Wafanyakazi wengi walikosa usajili wa ukazi wa mji, na watoto wao walihangaika kupata shule.

#4

Naomba kuchangia kwa upande wa kazi yangu. Mimi ni mpima ardhi.

Mleta mada amesema jambo ambalo wanasiasa hawalielewi mpaka yawakute. Barabara ni rahisi kuipata siku moja tu: kabla ya mtu wa kwanza kujenga. Ukiwahi, unaweka bikoni (alama za mipaka), unaandika kwenye ramani kwamba mita 30 hizi ni hifadhi ya barabara, unalipa fidia ya mazao na ardhi ya shamba, basi. Ukichelewa miaka kumi unakuta nyumba, visima, msikiti, kanisa, makaburi. Hapo fidia inazidi gharama ya lami yenyewe, na kila mwenye nyumba ana haki ya kukataa bei. Mradi unakaa mahakamani, na wakati huo watu wanaendelea kujenga kwenye kipande kilichobaki.

Kinachonishangaza kwenye picha za miji mipya ni kwamba zinaonyesha kila kitu isipokuwa vilivyo chini ya ardhi. Sijaona hata moja inayoonyesha majitaka yanaelekea wapi. Njia ya majitaka inafuata mteremko, na mteremko haujali mchoro wa msanifu. Ukiupuuza utaweka mashine za kusukuma zinazohitaji umeme na mafundi maisha yote ya mji.

Swali langu kwa mleta mada: fedha zitoke wapi? Hata kupima na kufungua barabara za udongo ni gharama, na halmashauri nyingi hazina kitu.

#5

Mimi natofautiana na wote kidogo. Mnapima kila mji kwa uchumi tu. Makao makuu mengi mapya yalijengwa kwa sababu nyingine. Abuja ya Nigeria iliamuliwa mwaka 1976, nchi ikiwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ili mji mkuu uwe katikati na usiwe wa kabila moja kubwa. Dodoma ni vilevile, katikati ya nchi. Indonesia inajenga Nusantara huko Kalimantan kwa kuwa Jakarta inazama na kisiwa cha Java kimebeba zaidi ya nusu ya watu wa nchi. Huwezi kumwambia mtu anayezama aendelee kupima viwanja pale pale.

#6 – Mleta mada

Nakubali, #5, kwamba umoja wa nchi una thamani ambayo haiwekwi kwenye kitabu cha mahesabu. Abuja nisingeihukumu kwa kodi peke yake.

Ila tazama muda. Abuja iliamuliwa 1976, serikali ikahamia rasmi Desemba 1991. Dodoma uamuzi ulifanyika 1973, na uhamisho mkubwa ukaja baada ya agizo la Rais Magufuli mwaka 2016. Hiyo ni miaka 43. Mji mkuu unahama kwa mshahara wa mtumishi wa umma, na mshahara huo unalipwa na kodi inayokusanywa kwingine. Yamoussoukro imekuwa mji mkuu wa Ivory Coast kisheria tangu 1983, ina basilika kubwa na barabara pana. Bandari, benki na viwanda vimebaki Abidjan. Biashara haikuhama kwa sababu haikuwa na sababu ya kuhama.

Linganisha na Tema, Ghana, ambayo pia ilipangwa tangu mwanzo. Ilipewa bandari, iliyofunguliwa 1962, kisha umeme wa bwawa la Akosombo na kiwanda cha kuyeyusha alumini kilichoanza 1967. Palikuwa na sababu ya kuwepo. Na hata hapo, waliokosa nafasi kwenye nyumba za shirika walikwenda kujijengea Ashaiman, jirani kabisa, bila mpango wowote. Hadithi ya Taguatinga ikajirudia, safari hii mbele ya bandari. Kama wapangaji wa Tema wangepima viwanja vidogo Ashaiman mapema, mfanyakazi wa bandarini asingelazimika kusubiri miongo kadhaa apate mtaro wa maji.

#7

Jamani, mbona hamjagusa hoja ya sheria? Mchumi Paul Romer alipoleta wazo lake mwaka 2009, kabla hajapata Nobel, hakuzungumzia maghorofa hata kidogo. Alisema nchi maskini inakwama kwa kanuni mbovu, na ni rahisi kuanzisha kanuni nzuri mahali papya kuliko kubadili nchi nzima kwa mkupuo. Mtu anayetaka, ahamie huko kwa hiari. Mimi naona hilo lina mantiki. Mfanyabiashara mdogo anayezungushwa miezi kupata leseni hahitaji kiwanja, anahitaji ofisi inayofanya kazi. Hata Shenzhen, kama mleta mada mwenyewe alivyoandika, ilikuwa mahali pa kujaribia kanuni.

#8 – Mleta mada

Dada #7 (kama nimekosea uniwie radhi), hoja yako ni nzito na nina heshima kwa wazo hilo. Kanuni ndizo zinazomfanya mtu athubutu kuwekeza alichonacho.

Tatizo limeonekana Honduras. Sheria ya kwanza ya maeneo ya aina hiyo, yenye kanuni zake yenyewe, ilipitishwa 2011. Romer mwenyewe akajitoa 2012 akilalamikia kukosekana kwa uwazi, na mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikasema sheria inakiuka katiba. Mwaka 2013 ikaja nyingine, ya maeneo yanayoitwa ZEDE, baada ya bunge kuwaondoa majaji wanne walioipinga ile ya kwanza. Chini yake ukaanzishwa mji wa Próspera, kwenye kisiwa cha Roatán. Aprili 2022 bunge jipya likaifuta sheria hiyo kwa kura zote. Wawekezaji wa Próspera wakafungua madai ya zaidi ya dola bilioni 10 katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, kiasi kinachokaribia theluthi moja ya pato la mwaka la Honduras. Mwaka 2024 mahakama ikazitangaza ZEDE kuwa kinyume cha katiba.

Soma mfululizo huo polepole. Mji ulioanzishwa ili kumpa mwekezaji uhakika wa kanuni ulisimama juu ya sheria ambayo wananchi wengi hawakuwahi kuikubali. Uhakika wenyewe ukawa wa kwanza kuondoka, na bili imeelekezwa kwa nchi nzima, hadi mkulima ambaye hajawahi kufika Roatán. Shenzhen haikutungiwa sheria na mwekezaji. Ilikuwa chini ya serikali ile ile, na kilichofaa kikasambazwa nchi nzima. Nami ningependa leseni inayopatikana haraka ianze kwenye mji uliopo, kwa kila mwenye duka.

#9

Swali fupi. Konza, mji mpya wa teknolojia wa Kenya, unauweka kundi gani? Serikali imeanza na barabara, maji na mabomba ya majitaka, siyo maghorofa.

#10 – Mleta mada

Mpangilio wa kazi ni sahihi, na hilo nawapongeza. Wasiwasi wangu ni umbali. Ni kama kilomita 60 kutoka Nairobi, jiwe la msingi liliwekwa Januari 2013, na mwanzoni aliyepata kazi huko alikuwa hana mtaa wa kupanga. Nauli ya kila siku inamla mshahara. Teknolojia hukua pale vijana wanapokutana, wanapohama kazi kirahisi, na anayefilisika leo anapata mshirika mwingine kesho. Hayo yote yapo Nairobi tayari.

Sasa nirudi kwa #4, maana swali lake la fedha ndilo gumu kuliko yote humu.

Shamba likipata barabara na maji, bei yake inapanda sana. Kupanda huko kumetokana na kazi ya umma, lakini kwa kawaida kunabaki mfukoni mwa mwenye shamba, au mara nyingi zaidi kwa dalali aliyenunua mapema baada ya kuiona ramani. Njia mojawapo ya kugawana ni wenye mashamba kuunganisha ardhi, ipimwe upya, kila mmoja arudishiwe kiwanja kidogo chenye thamani kubwa zaidi, na kinachobaki kiwe barabara, shule, na viwanja vya kuuza ili kulipia mabomba.

India ilijaribu hili kwa ukubwa wa ajabu huko Amaravati. Jimbo la Andhra Pradesh lilipogawanywa 2014, Hyderabad ikaangukia upande wa Telangana, hivyo mji mkuu mpya ukahitajika. Wakulima walitoa zaidi ya ekari 33,000. Kila mmoja aliahidiwa kiwanja kilichopimwa, takriban robo ya ukubwa wa shamba lake, pamoja na malipo ya kila mwaka kwa miaka 10. Waziri Mkuu Modi akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015. Mwaka 2019 chama kingine kikashinda uchaguzi wa jimbo, kikataka miji mikuu mitatu, na ujenzi ukasimama. Mkulima akabaki na haki ya kiwanja kwenye karatasi, wakati shamba lake la asili halipo tena. Waliandamana kwa miaka, wakaenda mahakamani, na mahakama kuu ya jimbo ikawapa haki Machi 2022. Kazi imefufuka baada ya uchaguzi wa 2024.

Hivyo jibu langu, #4: fedha zipo ndani ya ardhi yenyewe, lakini mkulima asiwe ndiye anayebeba hatari ya uchaguzi. Ningeanza na kipande kimoja kidogo kinachopakana na mji uliopo. Wenye mashamba wakabidhiwe kwanza viwanja vyao, hati mkononi na barabara ya udongo inayovifikia, kabla msingi wa jengo lolote la serikali haujachimbwa. Kipande cha pili kifunguliwe pale viwanja vya kwanza vitakapokuwa vimelipa deni lake. Wewe unayepima, ukiwa na timu ya kawaida, kipande cha ekari 500 kingechukua muda gani hadi hati kutoka? Na ni ofisi ipi inayochelewesha zaidi?